Tope kwenye sampu ya injini kuu: usimwage dizeli

Mdogo wangu, umesema mko gatini Mtwara mnapakia korosho, njiani filta za oili zilikuwa zinaziba kila mara, na mwenzako anashauri mmwage dizeli kwenye sampu, yaani tangi la oili chini ya injini ya meli, mzungushe pampu ili tope liyeyuke. Nakusihi, usikubali. Dizeli inalibandua tope tu, pampu inalibeba mpaka kwenye beringi. Na mabaki yake yanaifanya oili mpya iwe nyepesi na rahisi kuwaka.

Kazi hii niliifanya bandari hiyo hiyo. Oili tuliivuta ingali ya moto, maana ikipoa uchafu unalala chini. Tukaipandisha tangi la juu, ikatulia, maji yakatolewa, kisha tukaipitisha kwenye purifaya, mashine ya kutenga maji na uchafu kwenye oili, polepole, kwenye nyuzi 85 hivi. Kabla ya mtu kuingia sampu, pampu ilifungwa kufuli, feni ikapuliza usiku kucha, hewa ikapimwa hadi oksijeni ikasoma asilimia 21, na mtu mmoja akakaa mlangoni muda wote. Hapo msifanye haraka hata kama wakala wa meli anapiga simu.

Ndani, tope lilikuwa jeusi, zito kama lami iliyopigwa jua, limejazana pembeni na nyuma ya mdomo wa kufyonzea. Juu yake palikuwa na utando wa rangi ya chai ya maziwa: maji yaliyochanganyika na oili. Nilisugua kidogo vidoleni, nikasikia chenga. Nikapitisha sumaku, nyingine zikabaki bila kunaswa, nyeupe, laini. Hiyo ni metali ya beringi, na ukiiona mwambie chifu injinia siku hiyo hiyo.

Tulikwangua kwa vibao, tukachota kwa ndoo. Tulipokosea ni kufutia pamba: injini haikumaliza saa moja, filta zikajaa nyuzi, tukafungua upya. Tumieni vitambaa visivyotoa nyuzi, mvihesabu vikiingia na vikitoka.

Tope litieni kwenye mapipa, likabidhiwe nchi kavu na kuandikwa kwenye daftari la mafuta. MARPOL, mkataba wa kimataifa wa kuzuia meli kuchafua bahari, inakataza kulimwaga baharini, na watu wa Msanga Mkuu wanavua humo humo.

Halafu tafuteni maji yanakotoka. Kabla ya kujaza oili, tieni presha kwenye maji ya kupoza, mmoja wenu aangalie kwa tochi ndani ya krankikesi, kile chumba cha injini chini ya silinda, silinda moja moja, kama kuna tone linalodondoka.