Bibi Shamba Anajibu: Urea nimeweka, mahindi bado ya njano

SWALI: Shikamoo Bibi Shamba. Nalima mahindi ekari mbili huku Kongwa. Yalipofika magotini niliyawekea urea, kifuniko cha soda kila shina, nikaimwaga juu juu. Mvua ikakatika wiki mbili. Sasa majani ya chini yanageuka njano. Jirani anasema nimeuziwa mbolea feki. Ni kweli?
Msomaji, Kongwa

JIBU: Marahaba mwanangu. Muuza mbolea tumwache kwanza. Chuma jani moja la chini ulitazame. Kama njano imeanzia kwenye ncha ikafuata uti wa kati, na kingo bado ni kijani, hiyo ni njaa ya naitrojeni, chakula cha mmea kilichomo ndani ya urea. Mmea wenye njaa huyanyang'anya majani ya zamani ukayapa machanga, ndiyo maana unaona chini kwanza. Kingepauka kilele, ningefikiria njaa ya salfa, chakula kingine cha mmea.

Sasa, mzizi hauli chengachenga. Urea lazima iyeyuke, igeuke amoniamu, kisha bakteria wa udongoni huigeuza nyingi yake kuwa naitreti; zote mbili ni sura za naitrojeni ambazo mzizi unaweza kuzila. Naitreti husafiri na maji: mmea unapovuta maji, ndipo nayo inapofika mzizini. Ikishaingia, mmea huirudisha kuwa amoniamu na kutengenezea protini na ule ukijani wa jani. Udongo ukikauka, hata ukimwaga gunia zima, mahindi yatalala na njaa.

Kuimwaga juu juu nako kumekugharimu. Umande kidogo unatosha kuanza kuivunja urea, halafu jua letu hili la Februari linaipeperusha kama gesi ya amonia. Mfuko wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni, na zote umezilipia.

Usiongeze chochote sasa hivi. Subiri mvua irudi, udongo ulowe kidole kizima kikiingia. Hapo ndipo uweke kiasi kidogo kwenye kashimo, kando ya shina bila kuligusa, ufukie. Lakini kama mbelewele zimeshatoka, acha. Sehemu kubwa ya naitrojeni mahindi huichukua kabla ya hapo. Hela hiyo kanunue mbegu ya kunde za msimu ujao.

Kunde zikikaribia kutoa maua, ng'oa shina moja upasue vinundu vya mizizini. Ndani pakiwa pa waridi, bakteria wanavuna naitrojeni ya hewani. Pakiwa pa kijivu au kijani, hawafanyi kazi. Hapo niandikie tena, tutazungumza samadi.