Maziwa kukatika ukitia tangawizi

Ndugu, umeuliza kwa nini maziwa yako hukatika kila unapotia tangawizi mbichi. Kosa si la maziwa. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachovunja protini za maziwa, nacho hufanya kazi kwa kasi zaidi maziwa yakiwa ya moto lakini hayajachemka. Dawa yake ni kuitanguliza tangawizi: itwange, ichemshe kwenye maji matupu dakika 5 hadi 10, ndipo umimine maziwa. Nguvu ya kukata itakuwa imeisha, ukali wake utabaki. Mdalasini utie mapema, sukari hata mwishoni. Ila limau usithubutu, asidi yake itayakata upya. Ukitaka limau, acha maziwa kabisa, unywe maji hayo ya tangawizi na asali. Matamu mno!