Usiilaumu Betri, Itazame Chaja Kwanza

Betri zangu mbili za kwanza zilikufa kabla ya kutimiza miezi minane. Zilikuwa za ampea-saa 100 kila moja (hicho ndicho kipimo cha umeme betri inaoweza kuhifadhi), za kazi ya kutoa umeme polepole usiku kucha, si zile za kuwashia injini ya gari. Nilizinunua kwa pesa niliyoikusanya msimu mzima wa kaskazi. Usiku ziliponiangusha nilikuwa narudi kutoka Faza, maji yanapwa, nimeshaingia Mkanda. Taa za chombo, balbu za zamani zile, zikafifia mpaka nyuzi zake zikabaki nyekundu kama kaa la moto, kisha kiza. Waujuao Mkanda wanajua: njia nyembamba, mikoko huku na huku, na boti za kasi hupita humo usiku kama mchana. Nilikaa omoni, mbele kabisa ya chombo, na tochi ya simu nikimulika mbele mpaka tukatokea upande wa Lamu. Nilikuwa na abiria, na miongoni mwao mama mwenye mtoto mchanga. Usiku ule sijausahau.

Asubuhi nilitaka kwenda dukani kugomba kwamba nimeuziwa betri mbovu. Ami yangu, ambaye ametengeneza umeme wa vyombo tangu mimi sijazaliwa, akaniambia nitulie kwanza, nizilete dakani pake, kwenye kibaraza cha mlangoni.

Akafungua vifuniko kimoja kimoja, akamulika ndani. Mabamba yalikuwa na weupe juu yake, kama yamepakwa chokaa na kidole. Akavuta maji ya kila seli, yaani kila chumba cha betri, kwa haidromita, kile kibomba cha kioo chenye boya dogo ndani cha kupimia uzito wa asidi. Seli iliyojaa vizuri boya husimama karibu na 1.265. Kwenye betri yangu ya kwanza seli nne zilisoma 1.200 na kidogo, moja 1.180, na ile ya tatu boya lilizama mpaka 1.140.

"Mwanangu, ulikuwa ukizichaji mpaka lini?"

"Mpaka taa ya kijani iwake, ami. Ikiwaka nachomoa."

"Basi hizi hazikufa kwa kazi. Zimekufa kwa njaa."

Nimeandika makala haya kwa sababu ya jibu lile, maana naona mabaharia wenzangu wengi wakitupa betri kila mwaka na kununua nyingine, ilhali chaja ni ileile.

Ndani ya betri ya madini ya risasi, kama hizi zangu, kila unapotumia umeme, asidi inashikamana na mabamba na kufanya salfeti ya risasi. Ukichaji, salfeti ile inayeyuka na kurudi kuwa asidi. Lakini ikiachwa siku nyingi hugeuka fuwele ngumu isiyoyeyuka tena, na sehemu ile ya bamba imekufa. Weupe aliouona ami ndio huo. Kemia hii haijabadilika tangu Mfaransa Gaston Planté alipoitengeneza betri ya risasi mwaka 1859, kwa hiyo asikudanganye muuzaji kwamba yake ni ya kisasa haihitaji kujaa.

Chaja yangu ilikuwa ya bei nafuu. Ilisukuma umeme mpaka betri ikafika volti 14.4, ikawasha kijani, basi. Kumbe betri ikifika volti hizo mara ya kwanza, mara nyingi imejaa kama asilimia 80 tu. Ile 20 iliyobaki haiingii kwa nguvu. Huingia polepole, ampea zikipungua kidogo kidogo, na huchukua saa tatu, nne, hata zaidi. Mimi nilikuwa nachomoa hapohapo. Kila safari nilirudi na deni la asilimia 20, na deni lile ndilo lililogeuka jiwe ndani ya mabamba.

Chaja ya kununua, basi, iwe na hatua tatu. Ya kwanza inasukuma ampea zake zote. Ya pili inashikilia volti palepale, kwenye 14.4 hadi 14.8 kwa betri ya maji (ile yenye vifuniko vya kuongezea maji), na kuziacha ampea zishuke zenyewe mpaka betri ishibe. Ya tatu inashuka hadi kama 13.5 na kuitunza tu, isichemke. Uliza dukani hatua hizi na volti za kila moja, na asiyeweza kukujibu usinunue kwake. Pia iwe na swichi ya kuchagua aina ya betri. Hili si pambo. Betri ya jeli haitaki kupita 14.4 hata kidogo, na nyingi hutaka 14.1, kwa sababu ikichemshwa hufanya mapovu ndani ya jeli na mapovu hayo hayatoki tena maisha. Za AGM, ambazo asidi yake imenyonywa na mkeka wa nyuzi za kioo, huvumilia mpaka kama 14.7. Lithiamu ni habari nyingine kabisa, inataka chaja yake yenyewe, usiichanganye na hizi.

Ukubwa wa chaja nao una hesabu. Kwa betri za maji, chukua kati ya asilimia 10 na 20 ya ampea-saa ulizo nazo. Mimi nina 200, kwa hiyo ninatumia ya ampea 20. Chombo changu usiku mmoja hula hivi: taa ampea moja na nusu kwa saa kumi na moja, redio kidogo, na friji ndogo ya soda za wageni ambayo ndiyo mlafi mkubwa, kama ampea 4 kwa wastani. Jumla inafika karibu ampea-saa 70. Kwa karatasi ningesema saa tatu na nusu zatosha. Ukweli ni saa saba au nane, kwa sababu ya ile sehemu ya mwisho inayoingia kwa kusita. Kwa hiyo nachomeka jioni nikitoka sala ya magharibi, nachomoa alfajiri. Anayeomba soketi ya jirani kwa saa mbili anajidanganya. Na usiishushe betri chini ya nusu: hata punda wa kubeba mchanga ukimfanyisha kazi mpaka aanguke kila siku, hafiki mwaka.

Halafu joto. Vipimo vya volti nilivyotaja ni vya nyuzi 25. Kwetu, chini ya sitaha karibu na injini, nyuzi 35 ni jambo la kawaida. Kila nyuzi moja ikizidi 25, volti za kuchaji zinafaa kupungua kama 0.03. Nyuzi kumi ni volti 0.3, yaani 14.7 inakuwa 14.4. Chaja nzuri ina kiwaya chenye kichwa cha kupimia joto unachokibandika ubavuni mwa betri, na inajipunguza yenyewe. Nilikilipia zaidi na sijutii. Rafiki yangu wa Shela hakuwa nacho, na betri yake ikawa inachemka mpaka nyumba ikanuka yai bovu. Ukiisikia harufu hiyo, zima umeme ukutani kwanza, fungua madirisha, usiguse kitu. Betri inayochemka hutoa haidrojeni, na cheche moja tu inatosha kuilipua. Ndiyo maana nachaji dakani penye upepo, wala si chumbani wanakolala watoto.

Jihadhari pia na chaja za mtumba kutoka Marekani. Nyingi ni za volti 120 na umeme wetu ni 240. Soma kibandiko cha nyuma kabla hujatoa pesa.

Wenye sola juu ya paa la boti, kanuni ni zilezile, ila kontrola, kile kisanduku kilicho kati ya paneli na betri, ndiyo chaja yenu. Iwekeni kwa aina ya betri, msiiache ilivyotoka kwenye boksi.

Maji: ya betri yaliyosafishwa, ya dukani, hayo tu. Maji ya visima vya Shela ni matamu kunywa lakini yana madini, na madini yanaua mabamba. Ongeza baada ya kuchaji, kwa sababu betri ikishiba maji hupanda na yakizidi yatamwagika. Kama mabamba yako wazi, yafunike kidogo tu kabla ya kuchaji. Na tafadhali, usiongeze asidi. Kinachopungua kwa kuchemka ni maji, asidi imo bado. Nimeona fundi akijaza asidi kwenye betri nzima ya mtu, na mwenyewe akashukuru.

Vichwa vya betri vikiota unga wa kijani na mweupe, fungua hasi kwanza, sugua kwa magadi yaliyoyeyushwa kwenye maji baridi (vifuniko viwe vimefungwa, magadi yasiingie ndani), suuza, kausha, paka grisi. Chumvi ya bahari hairudi nyuma, nawe usirudi nyuma.

Kipindi kinachoua betri nyingi huku kwetu ni kusi. Mwezi wa tano bahari inachafuka, mashua zinapandishwa pwani, na betri inasahauliwa ndani mpaka mwezi wa nane. Betri ya maji hupungukiwa yenyewe hata bila kutumika, na kwenye joto hupungukiwa haraka zaidi. Mimi huzitoa chomboni, nazijaza mpaka mwisho, nazipandisha dakani. Kila baada ya wiki nne nazipima asubuhi kwa mita, zikiwa zimepumzika usiku mzima. Zikisoma volti 12.7 naziacha. Zikishuka hadi 12.5 nazichaji usiku huohuo, kwa sababu 12.2 ni nusu tayari. Tarehe na volti naziandika kwa kalamu ya wino mzito juu ya kifuniko. Za sasa zina mwaka wa tano, na kifuniko kimoja kimejaa, nimeanza kuandika ubavuni.