Usifute /usr/share/mime! Kubadili programu ya kufungulia PDF hakuhitaji sudo

Mkuu mleta uzi, toa mkono kwenye Enter. Hiyo amri uliyoinakili kutoka kwenye video, `sudo rm -r /usr/share/mime` halafu `sudo update-mime-database /usr/share/mime`, usiiendeshe. Unasema uko Linux Mint yenye dawati la Cinnamon, PDF zinafunguka na LibreOffice Draw (programu ya kuchorea) badala ya Xreader (kisomaji cha PDF), CSV (majedwali ya maandishi matupu) zinakimbilia kihariri cha maandishi, na viungo vya barua pepe vinafungua kivinjari usichokitaka. Hakuna hata kimoja hapo kinachohitaji sudo, yaani kuendesha amri kwa nguvu za root, msimamizi mkuu wa mfumo. Hata kimoja.

Yule jamaa wa video anasema unafuta "kashe iliyooza" (kashe ni nakala iliyoandaliwa ili isomwe haraka) kisha unaijenga upya. Uongo mtupu, na anausema kwa sauti ya kujiamini kama daktari bingwa. Kashe ni faili moja tu humo ndani, inaitwa `mime.cache`. Pembeni yake kuna folda ya `packages`, na ndani ya hiyo kuna `freedesktop.org.xml`, faili ambayo mfumo wako unasoma humo kwamba kinachoishia na .pdf ni application/pdf na kinachoishia na .png ni image/png. Kashe inajengwa kutokana na hizo XML. Ukifuta folda nzima umefuta kashe pamoja na malighafi yake. Amri yake ya pili ikija, italalamika kwamba folda ya packages haipo na kuishia hapo. Unajenga upya kwa kutumia nini, upepo?

Kinachofuata sasa. Kidhibiti faili hakitambui tena aina za faili, na kila unachobofya kinakuuliza ukifungue na nini. Hilo bado dogo. Programu za GTK (zana za kuchorea madirisha na vitufe) hutegemea hifadhidata hiyo hiyo kutambua picha, zikiwemo ikoni zao zenyewe. Ikikosekana, programu inajaribu kupakia ikoni, inashindwa, inatafuta ile picha ya akiba inayoitwa `image-missing.png`, nayo inashindwa kuitambua, basi inajifunga. Ukiiwasha kutoka terminali utaona "Unrecognized image file format". Cinnamon yenyewe imejaa GTK. Laptop za hivi zinaletwa kwangu na mwenye nayo anaapa diski imekufa, na wengine wameshaanza kutafuta flashi ya kuweka Windows. Diski ni nzima kabisa mkuu, kilichokufa ni kamusi.

Kama kuna mtu anasoma hapa na ameshaiendesha: usitoke kwenye akaunti, terminali iliyo wazi iache wazi. Kama umeshatoka na skrini haieleweki, Ctrl+Alt+F3 inakupa dirisha la maandishi, ingia na jina lako na nywila. Kisha:

`sudo apt install --reinstall shared-mime-info`

Hiyo inarudisha XML kuu. Lakini folda ile haikuwa na XML moja tu. LibreOffice na programu nyingine huweka za kwao humo humo, na ukiishia kwenye amri hiyo moja utashangaa kwa nini baadhi ya nyaraka bado hazina ikoni. Andika `dpkg -S /usr/share/mime/packages`, itakutajia kila kifurushi chenye kitu mle, maana dpkg, mtunza orodha ya vifurushi, anakumbuka hata vilivyofutwa. Vyote hivyo vipitishie `--reinstall`. Malizia na `sudo update-mime-database /usr/share/mime`. Safari hii ina cha kujengea. Hapo ndipo sudo ina kazi, kurudisha ilichobomoa.

Haya, tatizo lenyewe. Anza kwa kuuliza mfumo unaionaje faili yako, usikisie kwa jina:

`xdg-mime query filetype risiti.pdf`
`xdg-mime query default application/pdf`

Ya kwanza inakupa aina, ya pili inakupa programu inayoshika aina hiyo kwa sasa. Kwako ya pili itajibu `libreoffice-draw.desktop`, faili ya .desktop ikiwa ndiyo inayoitambulisha programu kwa mfumo. Si virusi. Draw imejiandikisha kwamba inaweza kufungua PDF, basi pasipo na agizo lako inaweza ikapewa yeye. Inaifungua kama mchoro wa kuhariri, fonti zinahama, jedwali linavunjika, na mtu anaanza kumlaumu aliyemtumia faili. Sasa toa agizo:

`xdg-mime default xreader.desktop application/pdf`
`xdg-mime default libreoffice-calc.desktop text/csv`

Bila sudo! Hizi zinaandika kwenye `~/.config/mimeapps.list`, faili yako mwenyewe, chini ya `[Default Applications]`. Faili hiyo inasomwa kabla ya chochote kilichoko `/usr/share/applications`, kwa hiyo hata ungehariri kule kwa nguvu za root, cha kwako ndicho kingeshinda, na kifurushi kikisasishwa kule kunafutwa kazi yako yote. Ukiweka sudo mbele ya `xdg-mime default`, agizo linaandikwa nyumbani kwa root. Hongera, root sasa anasoma PDF vizuri. Wewe uko pale pale.

Usipende terminali, bofya faili kwa kitufe cha kulia, ingia Properties, kichupo cha Open With, chagua programu, bonyeza Set as default. Wengi huchagua programu kwenye menyu ya Open With bila kubonyeza hicho kitufe, inafunguka mara moja, kesho wanarudi jukwaani kulalamika kwamba Linux imesahau. Haijasahau, hukuiambia.

Na nyie mnaowashauri watu `echo "application/pdf=xreader.desktop" >> ~/.config/mimeapps.list`, mnajua inaangukia wapi? Mwisho wa faili. Kama sehemu ya mwisho kwenye faili ya huyo mtu ni `[Removed Associations]`, mmemwandikia kwamba Xreader IONDOLEWE kwenye PDF. Halafu mnamwambia awashe upya kompyuta. Mtu akitaka kuhariri kwa mkono, kwanza `cp ~/.config/mimeapps.list ~/mimeapps.bak`, kisha afungue na nano (kihariri cha terminali) na aweke mstari chini ya kichwa sahihi.

Ukitoa agizo na hakuna kilichobadilika, mara nyingi ni jina la .desktop. `xdg-mime` haikugombezi ukitaja programu isiyopo, inaandika tu, na mfumo ukishindwa kuipata unaruka kwenda kwa nyingine. Jina hutegemea njia uliyosakinishia, apt, Flatpak au Snap: VLC ya apt ni `vlc.desktop`, ya Flatpak ni `org.videolan.VLC.desktop`, ya Snap ni `vlc_vlc.desktop`. Angalia jina halisi kwa `ls` ndani ya `/usr/share/applications`, na za Flatpak ziko `/var/lib/flatpak/exports/share/applications`. Kama jina ni sahihi na bado inagoma, tazama kama una `~/.config/x-cinnamon-mimeapps.list`. Hiyo inasomwa kabla ya mimeapps.list ya kawaida, na huenda ulishawahi kubandika kitu humo kutoka kwenye video nyingine ya huyo huyo bingwa.

Ukishamaliza bandika hapa majibu ya zile amri mbili za query, kabla na baada. Na kiungo cha ile video kitoe kwenye uzi, kuna watu watakibofya.