Kwa Mwandishi Aliyekosa Tuzo: Yaliyowapata Wanawake wa Italia

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia kwamba riwaya yake imeachwa nje ya orodha ya mwisho ya tuzo aliyoitegemea sana, na sasa hajui kama aendelee kuandika, wala kama isingekuwa afadhali atumie jina la kiume. Namjibu hadharani kwa sababu najua wengi wenu mna mswada uliofungiwa kabatini, na kwa sababu uchungu wake naujua. Mimi niliambiwa na jaji mmoja, ana kwa ana, kwamba riwaya yangu imeandikwa vizuri ila ni “mambo ya jikoni tu”. Riwaya hiyo imekwisha kupata wasomaji wake na inasomwa hadi leo, lakini neno lile halijanitoka moyoni.

Nguvu niliipata kwa kusoma habari za waandishi wanawake wa Italia, ambao lugha yao nilijifunza nikiwa mwanafunzi Perugia. Tuzo ya Strega, iliyo maarufu kuliko zote nchini humo, ilianzishwa Roma mwaka 1947, na miongoni mwa waanzilishi wake wawili mmoja alikuwa mwanamke, mwandishi Maria Bellonci, ambaye marafiki waliokuwa wakikutana nyumbani kwake siku za Jumapili ndio waliokuwa majaji wa kwanza. Hata hivyo, ilibidi kungoja hadi 1957 ndipo mwanamke, Elsa Morante, alipoipata. Baada ya Melania Mazzucco kushinda mwaka 2003, walishinda wanaume 14 mfululizo, hadi zamu ya Helena Janeczek mwaka 2018. Ukihesabu tangu mwanzo hadi Donatella Di Pietrantonio aliposhinda mwaka 2024, wanawake ni 13 tu.

Mtu asiniambie kwamba miaka hiyo wanawake walikuwa hawaandiki. Katikati ya ukame huo, mwaka 2011, ilitoka juzuu ya kwanza ya riwaya ya Elena Ferrante kuhusu wasichana wawili wa mtaa wa kimaskini huko Naples. Juzuu ya nne ilipofika fainali ya Strega mwaka 2015 ilishika nafasi ya tatu. Mwaka 2024 gazeti la New York Times lilikusanya maoni ya mamia ya waandishi na wahakiki kuhusu vitabu bora vya karne hii, na ile juzuu ya kwanza ikawekwa namba moja. Majaji ni watu, tena watu wenye mazoea, na mashirika makubwa ya uchapishaji ya Italia yamelaumiwa kwa miongo mingi kwamba yanapanga kura kabla ya fainali.

Kuhusu jina, mdogo wangu, mtazame huyohuyo Ferrante. Tangu riwaya yake ya kwanza mwaka 1992 amejificha nyuma ya jina la kubuni, lakini la kike, na bado walijitokeza watu waliodai kwamba kazi nzuri namna ile lazima iwe ya mwanamume. Ukijipa jina la kiume utakuwa umewakabidhi ushahidi wanaoutafuta. Jifiche ukitaka utulivu; usijifiche kwa kuona haya.

Sasa nirudi kwenye hayo mambo ya jikoni. Alba de Céspedes, katika riwaya iliyotoka kama kitabu mwaka 1952, anasimulia habari za Valeria, mama wa familia aliyetoka Jumapili kumnunulia mumewe sigara. Dukani anaona madaftari meusi yanayong'aa. Muuzaji anamwambia ni marufuku, kwa kuwa Jumapili sheria inamruhusu kuuza tumbaku peke yake, lakini Valeria anasihi hadi anapewa, naye analificha daftari chini ya koti. Akifika nyumbani ndipo anapogundua kwamba katika nyumba nzima hana hata droo moja iliyo yake, na daftari linaishia katika mfuko wa matambara. Jaji wangu angesema hayo ni ya jikoni. Mimi nasema sijasoma maelezo makali kuliko hayo kuhusu mtu asiye na mahali pake duniani. Andika habari za jiko lako, na uziandike kwa undani kiasi kwamba msomaji asikie harufu ya moshi.

Wala usiuhofu umri. Di Pietrantonio ni daktari wa meno ya watoto katika mji wa Penne, mkoani Abruzzo, na riwaya yake ya kwanza ilitoka mwaka 2011 akikaribia miaka hamsini. Hakuacha kazi ili aitwe mwandishi. Nawe usiache kazi, andika.

Ila kuandika peke yake hakutoshi, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Goliarda Sapienza alikamilisha riwaya yake kubwa mwaka 1976, baada ya kuihangaikia kwa takriban miaka tisa, na wachapishaji wakaikataa mmoja baada ya mwingine. Alifariki mwaka 1996 bila kuiona ikichapishwa kamili. Mumewe, Angelo Pellegrino, ndiye aliyehakikisha inachapishwa yote mwaka 1998, na Italia yenyewe iliizingatia baada ya Wafaransa kuisoma kwa tafsiri mwaka 2005 na kuishangilia. Kwa hiyo tafuta mtu mmoja, awe mume, dada au rafiki, anayeiamini kazi yako na anayejua mswada ulipo. Mweleze waziwazi unataka ufanyiwe nini.

Tena tunza nakala kamili, hata pale mchapishaji anapokubali. Dolores Prato, aliyezaliwa mwaka 1892, alichapishiwa kitabu chake kikuu mwaka 1980 akiwa na umri unaokaribia miaka tisini, kikiwa kimekatwa sana na mhariri ambaye naye alikuwa mwanamke na mshindi wa Strega, Natalia Ginzburg. Prato alifariki mwaka 1983. Kitabu kizima, kama alivyokiandika, kilitoka mwaka 1997, kwa sababu kurasa zilizokatwa hazikuwa zimetupwa.