Bei ya kutaja kwa pointi za Disney za mkono wa pili

Unanunua kwa mtu pointi za Disney Vacation Club, zile za kulipia vyumba vya hoteli za Disney kila mwaka, na unajiuliza kama unaweza kupunguza bei? Ndiyo, taja bei ya chini kuliko aliyoandika muuzaji, hakuna atakayekununia. Inahesabiwa kwa kila pointi, si kwa mkataba mzima. Ila ukishuka mno, Disney ina haki ya kuununua mkataba yenyewe kwa bei ile ile mliyokubaliana. Wewe unarudishiwa amana na kuanza upya.

Kabla ya kutaja chochote, uliza pointi zilizobaki ni ngapi. Dada yangu, tumekaa kwake South B na kikokotoo mezani, nusura achukue mkataba wa pointi 150 kwa bei ya kutupa. Kumbe muuzaji alishazitumia za mwaka huo na kuazima za mwakani! Likizo hana, na ada ya kila mwaka angelipa. Mkataba mtupu hivyo, kata bei bila huruma.

Angalia pia mwaka wa mkataba kuisha, maana kila mkataba una hoteli yake: wa hoteli za BoardWalk na Beach Club ni 2042. Hoteli ya Riviera ndiyo ningeiogopa, maana pointi zake ukizinunua kwa mtu zinatumika hapo hapo tu.