Ridi ya klarineti ya besi: namba ipi?

Swali: Fundi, shikamoo. Niko Malindi. Nimezoea klarineti ya kawaida kwa ridi (ule ubapa mwembamba wa tete unaotetemeka mdomoni) namba 3½, na sasa nimeazimwa ya besi. Nikiipuliza kwa namba hiyohiyo, sauti za chini hutoka na pumzi nyingi, za juu hupiga mlio mkali. Kosa ni la chombo au la ridi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Usikirudishe chombo cha watu bado. Namba ya ridi ni kipimo cha ugumu wake: anza na 2½, ukizoea upande 3. Ridi ya besi ni pana na ndefu. Ikiwa ngumu utaikaza kwa meno, na mlio huo unaanzia hapo. Kidomo, yaani kipande cha kupulizia kinachofungwa ridi, kikiwa na uwazi mkubwa nchani, nacho hutaka ridi laini zaidi. Angalia pia kampuni iliyoitengeneza, maana 3 ya Vandoren ni ngumu kuliko 3 ya Rico. Ukikosa ya besi, chukua ya saksafoni ya tenori. Upana unakaribiana, na wapigaji wengi wa besi wanaitumia kwa hiari yao.

Kabla ya kuifunga, ishike dirishani mwanga upite nyuma yake. Utaona kivuli katikati kinachochongoka kuelekea nchani. Kikilalia upande mmoja, ridi haiko sawa. Hakikisha kwa kupuliza huku umekigeuza kidomo kidogo kulia, kisha kushoto. Upande unaoziba sauti ndio mgumu: uparuze taratibu kwa msasa laini wa namba 600, mara mbili tatu tu, kisha ujaribu tena. Ncha yenyewe usiiguse.

Ridi mpya ipige dakika 5 hadi 10 kwa siku, siku nne hivi, ndipo uitumie tamashani. Ncha ikijikunja kama pindo la leso iliyotoka kufuliwa, iloweke dakika moja kwenye maji safi.

Nakusisitizia hili kwa sababu ya hewa yetu ya pwani: usifungie ridi mbichi ndani ya kikasha. Hapa Lamu, baada ya wiki moja ya mvua, nilikuta zangu tatu zimeota ukungu mweusi, nikazitupa zote. Ifute, ilaze juu ya kioo ikauke, halafu ndipo uihifadhi. Ridi za plastiki haziharibiwi na unyevu, ila bei yake ni kubwa.

Ukishaweka 2½ na mlio ukabaki, basi huenda pedi, vile vizibo vya matundu, zinavuja. Hapo mpelekee fundi chombo.